Hodi kwa Nyenje

1

Mgeni alifika saa tatu asubuhi, siku ya Alhamisi, na hakupiga hodi. Singano Kaoneka alisikia lango la mabati likikwaruza, akasikia viatu vikikatiza uani, kisha mwanga wa mlangoni ukazibwa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda katika chumba cha nyuma, anakata karoti vipande vyembamba kama kucha. Hakuinua kichwa.

"Nilikuwa nikifuata mlio," ilisema sauti ya msichana. "Shikamoo, mzee. Hapa ndipo lilipo sanduku namba mia nne na sita?"

"Marahaba. Hapa ni kwa Kaoneka. Rudi langoni, mwanangu, uje upya."

Msichana alicheka kidogo, akidhani anataniwa. Singano aliendelea na karoti zake. Ukapita muda wa vipande sita au saba, halafu viatu vikarudi vilikotoka, lango likakwaruza tena, na kutoka nje ikaja sauti yenye haya: "Hodi hapa."

"Karibu sana," alisema Singano, akainuka kumpokea begi.

Aliitwa Nyamizi Kasanda, mtafiti wa Taasisi, na alikuwa amesafiri tangu jana kuja Lushoto kwa ajili ya sanduku lile tu. Chumba kilikuwa na joto la kumtoa mtu jasho, ingawa nje ukungu ulikuwa bado umelalia mapaa. Sanduku lenyewe lilikaa juu ya meza, la plastiki nene, refu kama kitanda cha mtoto, na kifuniko chake kilikuwa cha mbao chenye dirisha la wavu. Ndani, trei za mayai za karatasi zilisimamishwa wima kama vitabu, na katika mikunjo yake waliishi nyenje wapatao mia mbili. Pembeni kulikuwa na kisanduku kidogo cha tunutu, yaani nyenje wachanga wasio na mbawa, wengine wadogo kama sisimizi.

Nyamizi aligusa kitu cheusi, kidogo kama kifungo cha shati, kilichobandikwa kwenye kifuniko. "Sikio lako linafanya kazi vizuri," alisema. "Hilo ndilo tatizo."

Kila nyumba yenye sanduku ilikuwa na sikio kama lile. Nyenje huharakisha mlio joto linapopanda, huuchelewesha linaposhuka, hivyo aliyeko mbali akihesabu milio anajua nyuzi joto za sanduku bila kulifikia. Taasisi ilikuwa ikisikiliza masanduku mia sita na kumi na mawili milimani kote. Nyamizi aliwasha kioo alichokishika mkononi, akamwonyesha mistari iliyosongamana kama nyasi.

"Hizi ni nyumba nyingine. Wanalia ovyo, kama mvua kwenye bati. Sasa tazama kwako." Mstari ulikuwa mtupu, kisha vijiti vitatu vimesimama, kisha mtupu tena. "Kila siku, saa tatu na nusu asubuhi, wanalia mara tatu, wote kwa pamoja. Tumeliona hili miaka miwili sasa. Wenzangu wanasema unachezea kifaa."

"Mimi hata saa yangu siwezi kuirekebisha."

"Basi wanafanya nini?"

Singano alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanateremka. "Wanaitika," alisema. "Mimi nabisha hodi, wao wanaitika karibu. Ndiyo saa yao ya kula hiyo. Ngoja uone."

Alichukua sahani ya karoti, akasogea mezani, akagonga mbao ya kifuniko kwa kifundo cha kidole: ko, ko, ko. Minong'ono ya ndani ikakatika papo hapo. Kisha, kutoka gizani mwa zile trei, ikaja milio mitatu, ya madume wote kwa mara moja, iliyokatwa safi kama kwa mkasi. Singano akafunua kifuniko, akapanga karoti, akafunika. Hakuna nyenje hata mmoja aliyeruka.

Nyamizi alikuwa amesahau kufunga mdomo. "Nani alikufundisha kufanya hivyo?"

"Mama yangu, Mungu amrehemu. Hakuwa anaingia hata banda la kuku bila hodi. Alisema aliye ndani hujui yuko katika hali gani."

"Mzee, naomba kitu kimoja. Bisha mara mbili tu."

"Hodi mbili? Za nini?"

"Tuone."

Singano aliona ni utoto, lakini mgeni ni mgeni. Aligonga: ko, ko. Akauzuia mkono hewani.

Kimya. Tone la jasho lilimteremka Singano hadi kwenye ndevu. Aliwahi kungoja mambo mengi katika miaka yake hamsini na sita, lakini hakukumbuka kungoja kitu kidogo kiasi kile kwa moyo unaodunda kiasi kile. Halafu, chini kabisa, katika pembe ya sanduku, nyenje mmoja akalia mara moja tu. Ulikuwa mlio mkavu, wa mtu anayemalizia maneno ya mwenzake aliyesahau. Ikapita pumzi moja. Ndipo wote wakaitika, tatu, kama kawaida yao.

"Wamekusahihisha," ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa Zaina, mkewe Singano, amesimama mlangoni na kinyonga begani. "Mume wangu huyu anabishia nyenje hodi, mimi ananikurupusha jikoni bila hata kukohoa. Karibu, mwanangu. Usimwogope huyu wa begani, anaitwa Mpole."

Nyamizi alimwamkia, lakini macho hayakutoka kwenye sanduku. "Naweza kujaribu mimi?"

Aligonga vilevile, mara tatu. Sanduku lilinyamaza na likabaki kimya. Akagonga tena. Akagonga mara ya tatu, polepole, akiiga mkono wa Singano. Hakuna aliyeitika. Akapeleka vidole kwenye ukingo wa kifuniko ili afunue, na Singano akaweka kiganja chake juu, kwa upole.

"Umeshabisha mara tatu, hawakuitika. Twende tukanywe chai."

"Lakini mzee, nimetoka mbali kwa ajili yao."

"Wengi wametoka mbali wakakuta watu hawataki wageni," alisema Singano. "Chai ina tangawizi."

2

Jikoni, Zaina alimhamishia Mpole kwenye kijiti kilichofungwa dirishani. Alikuwa kinyonga wa pembe mbili, mwenye rangi ya majani makavu na madoa ya manjano, na tumbo lake lilikuwa limejaa hadi likaning'inia pande zote za kijiti kama mfuko wa maharage. Jicho moja lilimtazama Nyamizi. Lingine lilimtazama inzi.

"Ana mayai," alisema Nyamizi, na sauti yake ikashuka yenyewe.

"Ishirini na mbili. Nimeyahesabu kwa kidole." Zaina alikuwa mkunga wa zahanati kwa miaka thelathini na moja, na alikuwa bado anavyo vidole vile. "Nimemlea miaka minne, na mama yake kabla yake miaka saba. Hii ndiyo mimba ya kwanza katika nyumba hii tangu ile iliyomleta yeye. Siku kumi na mbili zimebaki, pengine kumi na tatu."

Nyamizi hakuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Msitu ulipokauka, wazee ambao zamani wakimwona kinyonga walibadili njia walikubali kuwapokea sebuleni, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, ili kizazi chao kisipotee. Watu waliwazoea. Wakawapa majina. Lakini vinyonga walikonda huku wanakula, hadi ikagundulika kwamba wadudu wa msituni walikuwa na mafuta fulani yanayokaa kwenye mishipa ya fahamu, ambayo nyenje wa kawaida hanayo ya kutosha. Ndipo Taasisi ikatengeneza nyenje mpya mwenye mishipa ya fahamu mara nne ya wenzake. Vinyonga wakanenepa. Hakuna aliyeuliza mishipa yote ile, kabla ya kuliwa, ilikuwa ikifanya kazi gani.

"Mzee, nyenje anaishi muda gani?" aliuliza Nyamizi.

"Akichelewa sana kufa, miezi mitatu."

"Na wewe unabisha hodi tangu lini?"

"Tangu nilipoletewa hilo sanduku. Mwaka wa tano huu."

"Basi nyenje wa kwanza kuitika alishakufa zamani. Na watoto wake, na wajukuu wake. Hawa ni kizazi cha ishirini na kitu. Unapowatoa tunutu kwenye kisanduku kidogo kuwatia humu, wanaijua hodi?"

Singano alifikiri. "Hawaijui. Siku ya kwanza nikifungua wanaruka kama bisi. Siku ya pili wanawatazama wakubwa. Ya tatu wametulia."

"Siku tatu," alisema Nyamizi. Alishika kikombe kwa mikono miwili asinywe. "Wanaikuta, wanafundishwa, wanawaachia wengine. Sisi tunaita hiyo desturi. Sijawahi kusikia mdudu mwenye desturi."

Mpole alirusha ulimi, inzi akatoweka, na Zaina akampangusa mdomo kwa ncha ya kanga kana kwamba ni mtoto.

"Sasa mtawafanya nini?" aliuliza Zaina.

"Sijui, mama. Kwanza nataka kujua wanajua nini. Kubisha kwa mzee kunaleta karoti. Lakini kunaleta na mavuno, sivyo?"

Ilikuwa hivyo. Hodi ileile ya asubuhi Singano aliitumia kuwalisha na kuwavuna. Baada ya karoti alitoa trei moja, akaikung'uta juu ya ndoo, akachagua wanane walionona, akawavingirisha katika unga wa maganda ya mayai, akawapeleka kwa Mpole. Alikuwa amefanya hivyo kila siku bila kuliona kama jambo. Sasa aliliona, akaweka kikombe chini.

"Tuzitenganishe," alisema Nyamizi. "Asubuhi bisha kama kawaida, toa karoti, funga. Alasiri, kabla ya kuvuna, usibishe. Kwaruza mbao kwa ukucha, mara moja, ndefu. Siku chache tu watajifunza kwamba mkwaruzo ni mavuno. Tuone watafanyaje."

"Na wakijua ndiyo mtakuwa mmepata nini?" Zaina aliweka birika chini. "Kuku tunamchinja hatumwambii saa yake. Ni huruma hiyo. Nyie mnataka kumpelekea barua."

"Kuku hajawahi kuniambia karibu," alisema Singano.

"Baba Shani, usinianzishie. Huyu ana watoto ishirini na wawili tumboni. Akikosa kula siku tatu, mayai yatamgandia ndani na atakufa nayo. Nimeona wanawake wakifa hivyo. Sitaki kumwona na kinyonga."

Lakini alasiri ya siku iliyofuata, baada ya swala ya Ijumaa, Singano alisimama mbele ya sanduku, akakunja kidole, akakwaruza mbao.

3

Siku ya kwanza nyenje waliuitikia mkwaruzo mara tatu, kwa furaha ileile ya karoti, na Singano aliona aibu kama aliyemdanganya mtoto. Aliwavuna wanane. Jumamosi waliitika wachache, wakichelewa. Jumapili aliitika dume mmoja tu.

Jumatatu walikuwapo wote watatu chumbani, Nyamizi na kioo chake, Zaina akijifanya amekuja kutafuta ndoo. Singano alikwaruza. Ndani ukaanza mchakacho ambao hakuwahi kuusikia, kama watu wengi wanaohama chumba gizani bila kutaka kuamsha jirani. Uliendelea muda mrefu. Ulipokoma, dume mmoja akalia mara moja, taratibu, kwa sauti ya chini.

Singano alifunua kifuniko.

Juu kabisa, kwenye kingo za trei, walikuwa wamepanga mstari nyenje ambao mbawa zao zilikuwa zimechakaa hadi zikaonekana mishipa, wengine wakiwa wamebakiwa na papasi moja, ule unywele wa kichwani wa kugusia, mwingine hana mguu wa nyuma. Hawakuruka. Chini yao, katika mikunjo ya kati, majike wenye miiba mirefu ya kutagia. Na chini kabisa, sakafuni, wakiwa wamefunikwa na miili ya wenzao, walikuwa vijana waliohamishwa wiki ile kutoka kisanduku kidogo.

Nyamizi aliwahesabu wa juu. Akarudia. "Ishirini na wanne," alisema. "Mzee, kuna wazee wengine humu, chini?"

Singano aliinua trei moja moja, polepole, akatazama. Aliwajua nyenje wake kwa umri kama muuza ndizi anavyojua mkungu. "Hakuna. Wazee wote wako juu."

Nyamizi alikaa sakafuni, hapohapo alipokuwa amesimama, akaweka kioo mapajani. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Inaweza kuwa ni bahati," alisema. "Wazee hupenda joto, na joto liko juu. Nitaandika hivyo kwanza. Ni lazima niandike hivyo kwanza."

Zaina alikuwa amesogea hadi mezani. Mkono wake ulikuwa mdomoni. Katika miaka yake ya zahanati alikuwa ameona mambo ambayo hakuyasimulia hata kwa mumewe, na alijua sura ya watu waliokwisha kukubaliana jambo. Alitazama ule mstari wa mbawa zilizochakaa muda mrefu, halafu akasema, kwa sauti kavu, "Chukua wanane basi. Wasikae hivyo wakingoja."

Singano aliwachukua kwa mkono, mmoja mmoja, hakutumia ndoo. Walitembea wenyewe hadi kiganjani. Kwa miaka mitano alikuwa akidhani ni mfugaji, na siku ile alijiona kama mtu aliyekuwa akiishi kwenye nyumba ya watu wengi bila kuwasalimia zaidi ya hodi. Alitaka kusema kitu, na kwa kuwa hakujua nyenje wanaambiwaje, alisema kwa Kiswahili cha kawaida, mbele ya mkewe na mgeni.

"Kuanzia leo nikikwaruza mkaitika, nitafungua. Msipoitika, sifungui. Nawaahidi."

Zaina aligeuka. "Umewaahidi nani?"

"Hao."

"Hawasikii maneno yako."

"Mimi nimeyasikia," alisema Singano.

Jioni ile Nyamizi alituma taarifa yake bondeni. Jibu lilikuja Jumanne, fupi: Taasisi ingetuma watu watatu wiki ijayo, sanduku lisihamishwe, na mlezi aendelee kumlisha kinyonga kama kawaida kwa kuwa mayai yale yana thamani. Nyamizi alilisoma mara mbili kwa sauti. "Kama kawaida," alirudia, na akatafuta mtu wa kucheka naye, asimpate.

Jumanne waliitika. Wazee kumi na sita walikuwa juu. Jumatano waliitika. Wanane. Kila mara ulikuwa ni mlio mmoja wa chini, na kila mara Singano alichukua kwa mkono wanane wenye mbawa zilizochanika, na Mpole akala, na tumbo lake likazidi kushuka. Singano hakuzungumza hesabu hiyo na mtu. Zaina naye hakuizungumza, ingawa usiku wote wawili walikuwa macho, kila mmoja akijua mwenzake halali.

4

Alhamisi alasiri jua lilikuwa kali na ukungu umepanda wote. Singano aliosha mikono hadi kwenye viwiko, kama anavyofanya mtu anayekwenda kwenye jambo la watu, akaingia chumba cha nyuma. Nyamizi alikuwa amekaa pembeni. Zaina alimfuata mumewe, amembeba Mpole mkononi. Kinyonga alikuwa ameanza kuwa mweusi kichwani. Hakuwa amekula tangu jana alasiri.

Singano alikwaruza mbao kwa ukucha.

Ndani mlikuwa na minong'ono ya kawaida, na ikakatika. Hapakuwa na mchakacho wa kuhama. Hapakuwa na kitu. Kupitia dirisha la wavu aliweza kuona jike mmoja amezamisha mwiba wake kwenye bakuli la udongo wenye unyevu lililokaa juu ya trei, karibu kabisa na kifuniko, anataga, na vijana wawili wamesimama kando yake, papasi zao zimeelekea juu, kwake.

Aliwapa muda. Akakwaruza mara ya pili.

"Kunyamaza si lazima kuwe kukataa," alisema Nyamizi kwa sauti ndogo. "Naomba mjue hilo. Dume aliyekuwa akiitika huenda alikuwa mmoja wa wale wazee. Huenda hakuna aliyebaki anayejua jibu la mkwaruzo."

"Huenda," alisema Singano.

"Wazee wamekwisha," alisema Zaina. Hakuuliza.

"Walikwisha jana."

Nyamizi aliinuka, akafuta viganja vyake kwenye suruali. "Mzee, wewe umeahidi. Mimi sikuahidi. Nikifungua mimi, neno lako litakuwa halijavunjika. Wanane tu. Kwa ajili ya mayai."

Singano alimgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu aje, msichana aliona jinsi macho yake yalivyokuwa mekundu. "Mwanangu, uko nyumbani kwangu. Ukifungua wewe ni mimi nimefungua."

"Basi tuazime nyenje kwa Bi Kuruthumu, mlezi wa Mlalo."

"Nyenje hawahami nyumba, unajua wewe kuliko mimi. Ugonjwa wa kupooza ulimaliza masanduku mangapi mwaka ule?"

Nyamizi alijua. Nyenje hawakuruhusiwa kuhama. Vinyonga waliruhusiwa. Na kanuni ya walezi ilikuwa wazi kama maandishi ya ukutani: kinyonga anayeshindwa kulishwa hupelekwa kwa mlezi mwingine, na mayai yakitagwa huko, mama na watoto ni wa huko.

"Na huko kwa Kuruthumu," alisema Zaina, "atakula nyenje hawahawa. Waliozaliwa kwenye mbegu hiihii. Tofauti yao ni kwamba hakuna aliyewahi kuwabishia, kwa hiyo hakuna anayejua wangesema nini." Sauti yake haikupanda. "Kwa hiyo ahadi yako, Baba Shani, haimwokoi nyenje hata mmoja. Wanane watakufa leo Mlalo badala ya hapa. Umelifikiria hilo?"

"Usiku kucha."

"Na?"

Singano alitazama mkono wake uliokuwa juu ya mbao. Alitafuta jibu lenye akili, la kumtosha msomi na mkunga, akalikosa. "Hao wa Mlalo sijawauliza," alisema. "Hawa nimewauliza."

Mpole alipiga hatua moja mkononi mwa Zaina, akiyumba mbele na nyuma kama jani, miguu yake yenye vidole viwiliviwili ikamshika ngozi. Tumbo lilikuwa zito. Miaka kumi na mmoja, mama na mtoto. Zaina alikuwa ameshaandaa pipa la udongo laini chini ya dirisha la jikoni, mahali pa kutagia, ameuchekecha kwa mkono na kuupima unyevu kila asubuhi. Alikuwa amepanga kukaa hapo na kigoda siku itakapofika, asiongee, awepo tu, kama alivyokuwepo kwa wanawake wa mji mzima.

"Kwaruza ya tatu," alisema.

"Mama Shani."

"Kwaruza. Tusije tukasema hatukuwapa nafasi yao yote."

Singano alikwaruza. Ukucha ulipita kwenye mbao kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na sauti ilipokwisha, chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba walisikia punje za udongo zikisogea jike alipochomoa mwiba wake na kuuzamisha tena mahali pengine. Wote watatu waliinama kwenye wavu bila kukubaliana. Yule jike aliweka yai, akalifukia, akahama upana wa punje ya mchele, akaweka lingine. Vijana wawili hawakuondoka kando yake. Mmoja aliinua papasi moja, akaigusa mbao upande wa ndani, pale ambapo upande wa nje ilikuwa imekaa ncha ya kidole cha Singano. Akaiacha hapo.

Unene wa ubao ule ulikuwa sentimita moja.

Hakuna aliyelia.

Aliondoa mkono. Aliuondoa polepole sana, kidole kimoja kimoja, akarudi nyuma hatua mbili hadi alipogusana bega na mkewe. Zaina alikuwa analia bila sauti, na alikuwa bado anatazama.

"Lete lile tenga la kufunika," alimwambia Nyamizi. "Lenye kitambaa cha bluu, liko juu ya kabati. Tukiondoka sasa tutafika Mlalo kabla jua halijazama. Kuruthumu ana mikono baridi, itabidi nimwonyeshe namna ya kumshika."

"Mama, jambo hili watakapolijua watu wa Taasisi—"

"Lete tenga, mwanangu."

Nyamizi akaenda. Zaina aliingiza kidole chini ya tumbo la Mpole, akalipima mara moja zaidi, taratibu, kutoka mbavuni hadi mkiani, midomo yake ikihesabu. Ishirini na mbili. Kisha akamtazama mumewe, aliyesimama katikati ya chumba kama mgeni asiyejua akae wapi, na akamsukuma kidogo kwa kiwiko kuelekea nje.

"Na ufunge huo mlango vizuri," alisema. "Joto linawatoka hao."